Kalundu asubuhi: mukeke anavuliwa namna gani?

Atakayeshuka ufukoni Kalundu, hapa Uvira, saa kumi na mbili asubuhi, anakuta mitumbwi imekwisha kuzungukwa na wanawake wenye mabeseni. Bei inapatanwa upesi, na mara nyingi feza ni za deni. Ndiyo sababu inafaa mchuuzi ajue kazi ya usiku.

Wavuvi wanaingia ziwani jua likizama. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita karibu 1.470, lakini mukeke hafuatwi huko chini. Anaitwa juu kwa taa. Mwangaza unakusanya vidudu vidogo vya maji, ndakala wanafuata vidudu, na mukeke anafuata ndakala. Wenye mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti wanashusha wavu mkubwa chini ya taa, wanangoja, kisha wanauinua. Mwenye mtumbwi mmoja anashusha kamba yenye ndoana, na kidole kinasikia samaki akivuta. Kamba inaomba uvumilivu. Wazee wanaipenda, vijana si sana.

Sasa, mwezi ukijaa, taa inashindwa. Samaki hawakusanyiki, mitumbwi mingi inalala inchi kavu, na bei inapanda. Mama aliyekopa juma lile ananunua ghali, anauza kidogo, na mwenye feza anabisha mlangoni. Afadhali kukopa wakati wa giza, samaki wakiwa wengi, na kukausha sehemu kwa chumvi ao kwa moshi mbele ya mwezi kujaa. Anayehesabu siku za mwezi anahesabu pia deni lake.

Kwenye beseni usitazame wa juu tu; wageuze mpaka chini. Jicho liwe safi, si jeupe kama maziwa. Fungua shavu: ndani kuwe kwekundu. Bonyeza mgongo, kidole kikiacha shimo, samaki huyo amelala.

Kuna pia wale wanaokokota chandarua cha mbu karibu na ufuko. Kinachotoka ni vitoto vya sangala na vya ndakala, chakula kile kile mukeke anachofuata. Vinauzwa kwa kikombe, rahisi sana, na wanaonunua ni sisi. Mwenye kuvivua anajua kwamba saa moja asubuhi tutakuwa pale na vikombe vyetu.