Kuunganisha madeni au kuyaacha yalivyo?

Wasomaji wangu, leo naomba tuweke siasa pembeni tuongee pesa. Sio zile za bajeti ya serikali ambazo nimezoea kuziandika kazini. Ni pesa zangu mimi, au tuseme ukweli, pesa za watu zilizoko kwangu. Wiki tatu hizi nimekuwa nikijiuliza swali moja tu: je, niyakusanye madeni yangu yote niyafanye deni moja, au niendelee kumlipa kila mtu wake?

Najua sipo peke yangu. Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa hapa mjini, kaa na wafanyakazi wenzako wakati wa chakula cha mchana, mazungumzo yakishapita kwenye mpira yanaishia kwenye mikopo. Kwa hiyo naandika hapa na tarakimu zake, maana habari ya deni isiyo na tarakimu ni porojo.

Chanzo cha madeni haya ni nyumba ya mama, Tandika. Mzee aliijenga, akatuachia, na mama anaishi humo. Vyumba viwili amepangisha, na kodi ya wapangaji ndiyo mboga, ndiyo umeme, ndiyo dawa zake za presha. Mnazikumbuka mvua za El Niño, zilizoanza mwishoni mwa 2023 zikatufikisha hadi 2024. Ile nyumba ilivuja kila chumba. Fundi alipopanda juu akakuta kenchi zimeliwa na mchwa. Ukizigonga zinatoa unga. Mpangaji mmoja akahama. Hapo hakuna cha kujadili, nyumba inatengenezwa au inaanguka.

Tukaanza na paa katikati ya 2024. Kenchi mpya, bati mpya, dari. Mwaka 2025 tukaendelea na choo kilichokuwa kimejaa, tukapandisha sakafu ili maji ya barabarani yasiingie ndani, tukapiga plasta upya na kuweka vigae. Kila aliyewahi kujenga anajua: fundi akikwambia milioni moja, andaa moja na nusu. Nyumba sasa imesimama, vyumba vyote viwili vina wapangaji, na mama analala bila kusogeza kitanda usiku mvua ikinyesha. Kwa hilo sina la kujutia.

Sasa orodha yenyewe.

Kwanza SACCOS ya kazini. Nilikopa milioni 6.6 kwa miezi 36, na nimefika katikati. Bakaa ni 3,600,000. Riba yake ni asilimia 1 kwa mwezi, tena ni ile inayopungua, yaani inahesabiwa kwenye deni lililobaki tu. Rejesho langu ni 220,000 kwa mwezi.

Pili kadi ya mkopo ya benki. Hii ndiyo iliyonunua vigae, masinki na mabomba. Bakaa 2,800,000, riba asilimia 3 kwa mwezi. Benki inanidai nilipe angalau asilimia 5 ya deni kila mwezi, ambayo sasa ni 140,000.

Tatu kampuni binafsi ya mikopo, yenye leseni. Nilichukua 2,400,000 kwa mwaka mmoja ili kumaliza choo. Riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, lakini inahesabiwa kwenye kiasi cha mwanzo hadi siku ya mwisho. Nalipa 284,000 kwa mwezi, na imebaki miezi minane. Bakaa bila riba ni 1,600,000.

Nne mikopo ya simu. Nikijumlisha yote ni 300,000. Mwisho wa mwezi nalipa 330,000, kesho yake nakopa tena 300,000 ili mwezi usogee.

Tano mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ananidai 500,000 za mbao na saruji. Hana riba, hana mkataba, ana daftari tu. Nampelekea 50,000 kila mwezi, na tukionana ananiuliza hali ya mama.

Jumla ni 8,800,000. Kila mwezi zinaondoka 724,000, kwa kuwa kwenye mikopo ya simu nahesabu ile ada ya 30,000 tu. Mshahara unaonifikia mkononi ni 1,250,000. Kinachobaki ndicho kinalipa kodi ya nyumba, nauli, chakula, na simu za ndugu zinazoanza na "samahani kwa usumbufu".

Basi nikaenda benki ninakopitishia mshahara. Ofisa wa mikopo, kijana mwenzangu mwenye lugha tamu, akapiga hesabu haraka. "Kaka, sisi tunanunua madeni yako yote. Asilimia 17 kwa mwaka, miaka mitano, unalipa 219,000 tu kwa mwezi. Utapumua!"

Jamani, 219,000! Ni sawa na rejesho la SACCOS peke yake. Kutoka 724,000 hadi 219,000. Nilitoka pale nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia la mkaa. Nikapanda daladala nikiwa tayari nimeshazipangia kazi zile laki tano zitakazobaki.

Tatizo la kuwa mwandishi wa habari ni kwamba ukishasikia upande mmoja, usingizi hauji mpaka usikie wa pili. Usiku nikachukua kikokotoo. 219,000 mara miezi 60 ni zaidi ya milioni 13.1. Deni langu ni milioni 8.8. Kwa hiyo kupumua huko kunauzwa milioni 4.3, na hapo bado ada ya mkopo na bima yake.

Nikapiga hesabu ya pili: nikiendelea hivi hivi, nikamaliza ile kampuni baada ya miezi minane, halafu rejesho lake nikalihamishia kwenye kadi, riba na ada zote zilizobaki zitanigharimu kama milioni 2.4. Inaumiza, lakini ni karibu nusu ya gharama ya kupumua. Riba ya benki ni ndogo kuliko ya kadi, ndogo kuliko ya kampuni, ndogo kuliko ya simu. Kinachoifanya iwe kubwa ni muda. Asilimia ndogo ikikaa miaka mitano inakula kuliko asilimia kubwa iliyokaa miezi minane.

Kuna jambo jingine. Katika yale madeni matano, mawili hayakustahili kuuzwa hata kidogo. SACCOS wananitoza sawa na asilimia 12 kwa mwaka, sasa kwa nini niwahamishie watu wa asilimia 17? Na mwenye duka hanitozi kitu. Kuchukua deni lisilo na riba na kulipeleka benki likaanze kuzaa, huko ni kumtafutia kuku wako mwewe. Ofisa wa benki hakuligusa hilo. Simlaumu, kazi yake ni kukopesha, na mkopo mkubwa ni bora kuliko mdogo. Kazi ya kuchambua ni yangu.

Mtaniuliza: si ungekopa tena SACCOS ulipe hao wengine? Ningependa. Kwetu huruhusiwi kuchukua mkopo wa pili kabla ya kumaliza wa kwanza.

Halafu ukaja mlango wa tatu, na huu ndio ulioninyima usingizi. Mkopeshaji mwingine yuko tayari kunipa riba ya chini kuliko benki yangu. Sharti lake ni moja: hati ya nyumba.

Mama aliposikia hakufikiri hata dakika. "Si ipo kabatini? Chukua mwanangu. Deni lenyewe si la nyumba hii hii?" Kwake hesabu ni nyepesi: nyumba ilileta deni, nyumba ilibebe. Mdogo wangu wa kike naye akaunga mkono. Alisema mimi nahangaika peke yangu wakati mali ipo.

Niliwaeleza hivi, na nawaeleza na nyinyi. Leo hii, katika watu wote wanaonidai, hakuna hata mmoja mwenye haki ya kugusa bati la nyumba ile. Nikishindwa kulipa kadi, nitasumbuliwa kwa simu, nitaandikwa kwenye taarifa za wakopaji ambazo mabenki huzisoma kabla ya kukopesha, nitaona aibu. Mama ataendelea kulala kwake. Nikiipeleka hati, deni ni lile lile la vigae na masinki, lakini sasa limeingia ndani na kukaa kitandani kwa mama. Asilimia mbili au tatu za unafuu zinalipiwa kwa paa lile lile tulilolikopea. Na mwandishi gani wa habari mjini hapa anaweza kuapa kuwa miaka minne ijayo mshahara wake utaingia kila tarehe 28? Wengi wetu tunajua maana ya mshahara kuchelewa miezi miwili, na wengine tunajua maana ya barua ya kupunguzwa kazi.

Hati imerudi kabatini. Mama alinuna siku mbili.

Ikabaki sasa kuchambua yale madeni matatu makali: kadi, kampuni na simu. Kadi ndiyo inayodanganya kuliko yote. Katika ile 140,000 ninayolipa mwezi huu, 84,000 ni riba, 56,000 tu ndiyo inapunguza deni. Nikilipa kile cha chini kila mwezi kwa mwaka mzima, nitakuwa nimetoa kama 1,507,000, na deni litakuwa limepungua kwa kama 603,000. Laki tisa zitakuwa zimeyeyuka. Kampuni nayo, ile asilimia 3.5 inayohesabiwa kwenye kiasi cha mwanzo, ukiigeuza iwe ya kupungua kama ya SACCOS inakaribia asilimia 6 kwa mwezi. Hapa ndipo wengi tunapokwama: tunalinganisha asilimia bila kuuliza ni asilimia ya nini.

Niliipigia kampuni simu kuuliza nikilipa mapema itakuwaje. Dada aliyepokea akasema nitalipa riba yote ya miezi minane, yaani 672,000, hata nikimaliza kesho. Ingekuwa kweli, kulihamisha deni lile ni kazi bure. Nikautoa mkataba kwenye bahasha nikausoma wote, hadi yale maandishi ya chini ya ukurasa. Umeandikwa wazi: anayelipa mapema anatozwa riba ya mwezi mmoja. Mwezi mmoja! Nikaenda nao ofisini kwao, nikaomba barua ya bakaa. Barua ikatoka siku ya tatu: 1,684,000, na hawakubishana.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Nakopa benki 4,900,000 tu, zinazotosha kadi, kampuni, simu, pamoja na ada na bima. Na nakopa kwa miezi 24, sio 60. Rejesho ni kama 242,000. SACCOS naendelea na 220,000 zake, mwenye duka na 50,000 zake. Jumla 512,000 badala ya 724,000. Napata 212,000 za kupumulia kila mwezi, na gharama yote iliyobaki inashuka kutoka kama milioni 2.4 hadi kama milioni 1.5. Sio laki tano za ofisa wa benki, lakini hizi ni zangu kweli.

Sharti moja nimejiwekea, na bila hilo mpango wote ni maji ya kwenye pakacha. Pesa ya benki ikiingia, kadi inalipwa yote na kurudishwa benki ifungwe. Nimeona wenzangu wakinunuliwa madeni, kadi ikabaki tupu pochini, na kitu kitupu kinatamani kujazwa. Baada ya mwaka wana mkopo mpya na kadi iliyojaa tena. Mikopo ya simu nayo ni hivyo hivyo: ile 300,000 ilikuwa inaziba pengo la mwezi, na pengo sasa linazibwa na zile 212,000. Zisipoziba, nitajua tatizo langu halikuwa riba.

Na kama unakopa, tafadhali angalia unakopa kwa nani. Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha tangu mwaka 2018, na wakopeshaji hawa wanatakiwa kuwa na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila kibali. Wale wa kausha damu hawakupi barua ya bakaa, wanakupigia simu hadi kwa mama mkwe.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi naona matanga nayo yana bajeti yake. Unaweza kuyafanya ya siku tatu au ya siku arobaini, na sahani zote zinalipiwa na mfiwa. Ofisa wa benki alinipigia jana kuuliza kwa nini nimeomba ndogo vile wakati ninastahili kubwa. Nikamjibu kwamba ndiyo maana naiomba ndogo.

Nitasaini Ijumaa. Wenye uzoefu wa kununuliwa madeni, mnasemaje?