Kesi ya asmini

Najua nimepotea wiki kadhaa, msininunie. Mazoezi ya kufundisha yameniandama, na nyumbani nako kulikuwa na kesi. Mshitakiwa: asmini.

Sie twakaa Malindi, Mji Mkongwe. Kila jioni Bibi hufunga vikuba vya kuuza, harufu yajaa mpaka ngazini. Mdogo wangu wa miaka tisa ana pumu. Akabanwa kifua usiku mara mbili, basi Baba akakata shauri: asmini zisiingie tena ndani. Bibi hakusema kitu, alikunja mkeka wake akaenda chumbani. Wallahi iliniuma. Vile visenti vya vikuba ndivyo vyake mwenyewe.

Nikamfuata mwalimu wetu wa kemia: hivi mimea yatoa kitu hewani kweli? Akacheka. Kumbe gesi moja tu, isoprini, mimea ya dunia nzima inakadiriwa kutoa kama tani milioni 500 kwa mwaka! Harufu ya asmini ni mchanganyiko, na linaloli imo. Ya karafuu ni yujenoli hasa. Kuzipima, wavuta hewa kwa pampu ndogo ipite kwenye mrija wenye unga unaonasa gesi. Maabara wanaupasha moto mrija, kisha mashine inazitenganisha moja moja, wajua ipi na kiasi gani. Pua haiwezi hayo.

Je, zaleta pumu? Hapo pana mambo mawili. Harufu kali yaweza kumchokoza ambaye tayari anayo. Na baadhi ya gesi hizi, kama limonini ya maganda ya machungwa, zikikutana na ozoni hutoa fomaldehaidi na chembe ndogo mno zinazoingia mapafuni. Lakini kuchokoza ugonjwa si sawa na kuuanzisha.

Mrija sina, nikachukua daftari. Wiki tatu nikaandika kila siku: jiko la mkaa, vumbi, udi, kikohozi cha usiku. Asmini hazikuwamo ndani hata moja, na mtoto akabanwa mara tatu. Zote tatu, chetezo kilikuwa kimewashwa jioni ile. Udi nao ni mti jamani, tena huo twauchoma! Ndugu zetu wa Omani walishauchunguza: utafiti wa wanafunzi wa skuli uliotoka mwaka 2009 ulikuta moshi wa bukhuri unawachokoza wenye pumu, ingawa haukuonekana kuongeza idadi ya wagonjwa.

Kumwambia Mama ndio ilikuwa mtihani. "Sasa nyumba inuke?" Nikamwambia sijasema hivyo Mama, na mtoto mmoja kwa wiki tatu si ushahidi kamili, pengine mkaa nao umo. Tukakubaliana: udi uchomwe mtoto akiwa hayupo, madirisha wazi. Dawa yake ya kuvuta haiachwi, na daftari tulipeleka kwa daktari, akasema tuendelee kuandika.

Bibi sasa afunga vikuba vyake barazani. Baba hajamwomba radhi, mwajua wazee wetu. Ila juzi karudi kutoka Darajani na furushi la asmini, akaliweka mkekani bila ya neno.

Haya, nyie wenye pumu hapa chuo, nini kinawachokoza? Niambieni. Mie narudi kwenye maandalio ya somo, kesho Fomu Two wananisubiri.