Barabara Isikule, Mwanangu

Mwanangu, umekabidhiwa semi na njia ndefu, kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, kisha uvuke Zambia mpaka Kasumbalesa ukapakie shaba, nami mama yako nimefurahi na kuogopa kwa wakati mmoja. Juu ya ajali watakuonya wengi, tajiri wako, trafiki na wazee wa kazi. Mimi nakuonya juu ya jambo lisilo na kishindo, kwa kuwa miaka yote niliyopika hapa Makambako nimewatazama madereva kutoka upande wa chungu: wanakuja vijana wepesi wenye kicheko, na miaka michache baadaye wanashuka kwenye kabini kwa kushikilia mlango, tumbo limetangulia, miguu imevimba, na wengine huulizwa wenzao tu walikoishia. Moyo wangu umechoka, daktari hakunificha, kwa hiyo nayasema haya nikiwa bado na pumzi ya kuyasema.

Karibu wote walikuwa wakiniambia, "Mama, huku ni njiani tu, nikirudi nyumbani nitajitunza." Lakini hesabu mwenyewe, mwanangu, dereva analala kwake siku ngapi kwa mwezi? Maisha yako yatakuwa huko huko barabarani, na mwili utakaozeeka nao ndio huo unaoupitisha Mikese na Kitonga. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Hakuna aliyeharibiwa na sahani moja ya chipsi mayai. Waliharibika kwa kuila kila siku huku wakijiambia kwamba ya leo haihesabiki.

Nisikilize sana katika habari ya chakula, maana hapo najua ninalolisema. Ukifika kwa mpishi usiyemjua, tazama karai kabla ya kutazama bei. Mafuta meusi, mazito, yenye harufu kali yamekaangia mara nyingi mno, basi omba kingine. Agiza ugali au wali kwa maharage, samaki wa kuchemsha au dagaa, na umwambie mama akuongezee mchicha au matembele, hatakunyima, mboga ndiyo inayobaki kila jioni. Chakula kiwe cha moto wa kutoa mvuke, kisiwe kilichopoa tangu asubuhi kikiwa na nzi, kwa sababu kuharisha ukiwa kwenye foleni ya mpakani ni mateso nisiyomwombea mtu. Usinyunyizie chumvi mbichi mezani: Shirika la Afya Duniani linataka chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na mchuzi wa barabarani peke yake unaweza kukaribia hapo. Soda ya mililita 350 mara nyingi hubeba sukari ya vijiko vinane vya chai au zaidi, na nimeona kijana akinywa tatu kabla ya saa sita mchana kwa sababu ya joto. Joto linataka maji, mwanangu, maji ya chupa ambayo kizibo chake hakijafunguliwa, au yale uliyoyachemsha mwenyewe.

Na njia yenyewe inakulisha ukiijua. Ruaha Mbuyuni kuna vitunguu, Ilula kuna nyanya, huku kwetu na Rungwe kuna maparachichi, na ndizi ziko kila kituo. Nunua jiko dogo la gesi na sufuria, kwa kuwa Tunduma na Kasumbalesa foleni inaweza kukuweka siku kadhaa, na wakati huo ndipo wengi hula kwa uchovu na kunywa pombe kwa upweke. Ukivuka mpaka ukaingia Nakonde, nshima ni ugali ule ule uliokukuza, nayo kwa kapenta, dagaa wa huko, na mboga haina ubaya wowote.

Mwili uliokaa unaharibika hata ukila vizuri. Anayekaa kitini zaidi ya saa nne bila kunyoosha miguu, damu yake inaweza kuganda kwenye mishipa, na bonge hilo likipanda hadi kwenye mapafu linaua. Ukiona mguu mmoja umevimba na kuuma kuliko mwenzake, au pumzi imekukata ghafla, usisubiri kushusha mzigo, nenda hospitali iliyo karibu. Simama kila baada ya saa mbili hivi, uteremke utembee, ila ndani ya hifadhi ya Mikumi usiteremke hata kidogo. Nyoosha miguu kabla hujaingia na baada ya kutoka. Wanaojua wanasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo kwa wiki. Mwenzako atasema hana muda, wakati amekaa saa nzima mizani akibofya simu. Lori lako na tela lake, ukilizunguka mara ishirini na kitu umekaribia kilomita moja, na wakati huo huo umekagua matairi. Fanya hivyo asubuhi kabla ya kuwasha gari, watu wacheke, wakichoka wataacha.

Mirungi sitaizungumzia kwa urefu. Sheria imeikataza, na anayeila ili asilale hana alichokifuta isipokuwa dalili, uchovu wenyewe uko pale pale unamsubiri mteremkoni. Ukichoka, egesha mahali salama ulale. Tajiri akigomba, agombe. Kawia ufike.

Najua utateleza. Zitakuja siku za mvua na kuharibikiwa, utakula ulichokikuta, utalala bila kutembea hatua, na utaona haya kunipigia. Nipigie hivyo hivyo. Kuteleza si kuanguka, mwanangu, na mimi sikukuzaa ili nikuhesabie sahani. Ninachokuomba ni kwamba siku inayofuata uanze tena pale pale ulipo, usingoje Jumatatu wala kurudi nyumbani, kwa kuwa hakuna ulichonifanyia au utakachonifanyia kitakachopunguza upendo wangu kwako, lakini upendo wangu hauwezi kushusha presha yako.

Presha haigongi hodi, na mficha maradhi kilio humuumbua. Mtu anaweza kutembea nayo miaka bila kuumwa kichwa, mpaka siku ya kiharusi. Ikipimwa zaidi ya mara moja ikabaki 140 kwa 90 au kupita, hiyo ni ya kutibiwa, na dawa zake hazikatizwi kwa kuwa umejisikia vizuri. Kabla hujaondoka Dar kesho kutwa, pita zahanati upime, pamoja na sukari, kisha unipigie unitajie namba zote, ya juu na ya chini.