Waliosota Pujini

Likizo yangu niliipitisha Chokocho, kusini mwa kisiwa cha Pemba, nyumbani kwa wazazi wa mke wangu. Siku ya tatu, baada ya kula pweza na muhogo kuliko inavyompasa mkwe mwenye haya, nilimwambia mzee kuwa nataka kumpeleka mwanangu wa miaka tisa akaione ngome ya Mkama Ndume huko Pujini.

Mzee alikuwa akishona wavu. Hakuinua macho.

"Utamwonyesha nini?"

"Utukufu wa wazee wake, baba."

"Haya. Basi nami nitafuatana nanyi."

Nakiri kwamba neno lile nililitamka kwa majivuno kidogo. Tulipanda gari hadi Chake Chake, na kutoka hapo tukaelekea kusini mashariki, mwendo wa kama kilomita 10, mpaka penye mikoko na mkono wa bahari. Mgeni asitazamie kuona jengo kama Ngome ya Yesu ya Mombasa. Ile waliijenga Wareno kuanzia mwaka 1593. Hii ya Pujini ni ya watu wa pwani wenyewe, na ilisimama tangu karne ya 15, kabla Mreno hajaujua upepo wa bahari yetu. Leo yaliyobaki ni maboma ya udongo na mawe yaliyomezwa na miti, kuta zilizovunjika, na kimya. Mwanangu alitafuta mizinga, akaikosa, akanuna.

Kilichomrudishia furaha ni kisima. Husimuliwa kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasioweza kutazamana, naye akakigawa kisima kwa ukuta. Mmoja aliteka maji kwa ndoo na kamba, mwenzake akashuka ngazi hadi chini, na hivyo wasikutane. Mke wangu alisimama pale muda mrefu, kisha akaniuliza iwapo mwenye kamba alipendwa zaidi au mwenye ngazi. Nilijibu kwamba wanahistoria hawajaafikiana. Hakucheka.

Kuna pia chumba cha chini ya ardhi. Wachimbuzi wa mambo ya kale walioongozwa na Adria LaViolette, mtaalamu kutoka Marekani, walikuta humo sanamu ya siwa iliyofinyangwa kwa chokaa ukutani. Siwa, ndugu msomaji, si pembe ya kuchezea ngoma tu. Katika miji ya pwani ilikuwa alama ya enzi, na ile ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate imehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Lamu. Hapo nilipata nilichokuwa nikikitafuta. Nikaanza kumhutubia mwanangu: tazama, tulikuwa na watawala, tulikuwa na mafundi wa chokaa na mawe, tulifanya biashara na dunia.

Mzee aliniacha nimalize. Kisha akamketisha mjukuu wake juu ya jiwe.

"Baba yako amekwambia mwenye nyumba. Mimi nitakwambia wajenzi. Yule bwana jina lake Muhammad bin Abdulrahman. Hilo la Mkama Ndume watu ndio waliompa, maana yake mwenye kuwakamua wanaume, kama ng'ombe. Mawe haya yaliletwa na watu wakiyabeba vichwani. Wala hawakuruhusiwa kutembea. Walisota kwa makalio, kutoka kule mpaka hapa."

Mtoto alitazama mawe, akamtazama babu yake.

"Babu, sisi tulikuwa wepi?"

Nilitaka kujibu mimi, lakini sikuwa na jibu. Ni rahisi kwa mtu kujipa ukoo wa wenye siwa. Hakuna mgeni anayesimama mbele ya magofu akajidai mjukuu wa wachukuzi. Mzee alisema kwamba hajui. Akasema baba yake mwenyewe alibeba magunia ya karafuu za watu mashambani, na kwamba kwa hesabu yake aliyebeba anamkaribia zaidi kuliko aliyebebewa.

Njiani nililifikiria neno lile "kusota". Sisi wa mjini tunalitumia kila siku. Mtu amesota kituoni akingoja basi, amesota miezi mitatu bila mshahara, kijana amesota akitafuta kazi. Tunalisema huku tukicheka. Sikuwahi kumwona mtu yeyote ndani ya neno hilo mpaka siku ile.

Jioni, uani Chokocho, mwanangu aliokota jiwe la ukubwa wa nazi, akalitua kichwani, akaketi mchangani na kuanza kujivuta kuelekea mlango wa jikoni. Shangazi zake walicheka mpaka wakashika mbavu. Alifika hatua tano au sita. Jiwe likaanguka, akaliokota, akaanza tena, sasa akiwa ameuma meno. Kicheko kikapungua. Mzee aliweka wavu chini, akamwendea, akalichukua lile jiwe mikononi mwake.

"Inatosha, mjukuu wangu. Inuka unawe, chakula kimeiva."

"Bado sijafika, babu."

"Najua."

Akamshika mkono, wakaenda kisimani.