Shule ya Ufundi Ipimwe kwa Futi Gani?

Wazazi wengi wa vijijini twasema hivi: "Mtoto asipopata nafasi ya sekondari, basi na aende ufundi." Maneno hayo si mabaya, ila mara nyingi twayasema kwa sauti ya huzuni, kana kwamba ufundi ni ghala la makapi. Hatukumbuki kwamba Bwana wetu alilelewa na seremala. Papa Pio XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mt. Yosefu Mfanyakazi, mwaka 1955, ili wakristo wajue kwamba jasho la fundi lina heshima mbele ya Mungu. Lakini leo sitaki kusema zaidi juu ya heshima hiyo. Nataka kuuliza jambo ambalo wazazi wachache huliuliza: Tutajuaje kwamba shule ya ufundi inafanya kazi yake?

Mimi mwenyewe ni seremala, na kila seremala ajua kwamba futi yenye alama mbovu huharibu mbao nzuri. Hata mkono wako uwe hodari namna gani, ukipimia futi hiyo mlango hautaingia katika fremu. Ndivyo ilivyo kwa shule pia. Ukiipima kwa kipimo kibovu, itajitahidi sana, tena kwa bidii, lakini itajitahidi upande usiofaa.

Huku kwetu Songea twaifahamu vizuri misioni ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898. Wazee wetu walijifunza useremala, uashi na uchapishaji kwa mabruda Wabenediktini. Siku zile kazi yenyewe ndiyo iliyomshuhudia fundi. Mlango ulifunga au haukufunga. Ukuta ulisimama au ulipinda. Siku hizi mambo yamekuwa makubwa. Mwaka 1994 Bunge letu lilitunga sheria ya mafunzo ya ufundi stadi, ikazaliwa VETA. Kuna mitaala, kuna mitihani, na cheti kina hatua tatu. Serikali yauliza, jimbo lauliza, wafadhili nao wauliza: "Malengo yenu ni nini? Mmeyafikia kwa kiasi gani?" Nasema ni swali la haki. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali gani ipitayo ujana wa watoto wetu?

Parokia yetu ina shule ndogo ya ufundi. Hufundisha useremala, uashi, ushonaji na uchomeleaji. Baba Paroko alituita wajumbe wa halmashauri ili tuandike malengo ya miaka mitatu. Mjumbe mmoja, mtu mwenye elimu na nia njema, alisimama akasema: "Tuandike kwamba wanafunzi 90 kwa mia ya wanaofanya mtihani wafaulu." Tukapiga makofi. Lengo lilikuwa la kupendeza, fupi, rahisi kulisoma hata kanisani baada ya misa.

Ndipo Mwalimu Mkuu akaomba ruhusa ya kusema. Ni mtu mpole, asiyependa maneno mengi. Alisema: "Wazee wangu, mkitaka 90 kwa mia, nitawapeni 90 kwa mia. Lakini msije mkaniuliza nimewapataje."

Ukumbi ukanyamaza. Mama mmoja wa WAWATA akamwambia, "Mwalimu, eleza, sisi wengine hatujaelewa." Akaeleza. Mwanafunzi mzito wa kusoma aweza kuambiwa asubiri mwaka mwingine, naye akienda nyumbani harudi tena. Aliyechelewesha ada aweza kurudishwa kwao mwezi mmoja kabla ya mtihani. Wanaobaki ni wale wepesi tu, nao watafaulu. Shule itasifiwa, na hakuna mtu atakayesema kwamba amedanganya.

Mama yule akauliza, "Na mwanangu je?" Sote tulimfahamu kijana wake. Kusoma kwake ni kwa taabu, lakini mpe patasi uone. Meza ya altare ya kigango chao aliifanya yeye pamoja na mwalimu wake. Kwa lengo lile tulilolipigia makofi, kijana huyu alikuwa hasara ya shule.

Basi nikachukua chaki nikaandika hesabu ubaoni. Nawapa na ninyi wasomaji muione. Tuseme vijana 40 wameingia mwaka wa kwanza. Katika hao, 10 wametoka njiani kwa ada, kwa ugonjwa, au kwa sababu nyingine. Wengine 4 wamezuiwa kufanya mtihani. Wamebaki 26, na 24 wamefaulu. Shule yaweza kutangaza kwamba wamefaulu 92 kwa mia, nayo ni kweli. Lakini wazazi waliouza mahindi na mbuzi ni wazazi wa vijana 40. Kwao wao waliofaulu ni 24 katika 40, yaani 60 kwa mia. Tena tuseme mwaka mmoja baadaye waliobaki katika kazi ya ufundi ni 12 tu. Basi hesabu ni 30 kwa mia. 92, 60 na 30: shule ni ile ile, vijana ni wale wale, na hesabu zote tatu ni sahihi. Tofauti ni mahali ulipoanzia kuhesabu na mahali ulipoishia.

Kosa hili si la maskini peke yao. Huko Marekani, mwaka 1982, ilitungwa sheria ya kuwafundisha kazi watu wasio na kazi. Waliosimamia mafunzo walipewa malengo: wangapi wamepata kazi, kwa mshahara gani, na kila mmoja ameigharimu serikali kiasi gani. Malengo hayo yalionekana ya busara. Lakini wachunguzi walilalamika kwamba baadhi ya vituo viliwapokea zaidi wale ambao hata bila mafunzo wangepata kazi, na kuwaacha wenye shida kubwa. Wenyewe waliuita mchezo huo kuengua malai, kama mtu anayenywa yale ya juu na kuacha maziwa chunguni.

Sheria yao ya shule za ufundi wanayoitumia sasa iliandikwa upya mwaka 2018. Kila jimbo hujiwekea malengo, lakini lazima liseme pia kama mwanafunzi, katika robo ya pili ya mwaka baada ya kumaliza, yumo kazini au anaendelea na masomo. Tena haliruhusiwi kuficha watu ndani ya jumla: matokeo ya maskini, ya walemavu, ya wasichana na ya wavulana huandikwa mbalimbali. Na kabla ya kupeleka mpango wao serikalini, wazazi, walimu na wenye viwanda hupewa nafasi ya kuandika maoni yao juu ya malengo hayo, siku zisizopungua 60 kabla. Sisemi kwamba tuige kila kitu cha wageni. Nasema tu kwamba waliojikwaa mbele yetu wametuonyesha lilipo jiwe.

Kwa kweli sisi wakristo hatukuhitaji kwenda mbali. Mchungaji wa Injili alikuwa na kondoo mia, mmoja akapotea. Angependa, angesema: "Ninao 99, nao wote wamo zizini, hesabu imetimia." Lakini yeye alihesabu kuanzia mia. Ndiyo maana alijua kwamba yuko mmoja wa kutafutwa. Anayehesabu waliobaki tu hawezi kumtafuta aliyepotea, maana hana habari kwamba amepotea.

Halmashauri ilinituma kuwatafuta vijana waliotoka shuleni mwaka uliotangulia. Nilikwenda kigango kwa kigango, daftari mkononi, na niliyoyaona hayamo katika karatasi yoyote ya mtihani.

Nilimkuta kijana mwenye cheti kizuri, amekiweka ndani ya bahasha juu ya kabati. Yeye hupakia watu kwa pikipiki. Nikamwuliza, "Mbona huchongi?" Akajibu, "Baba, nitachonga kwa kucha?" Hana randa, hana msumeno. Zile alizofundishiwa zilikuwa za shule. Nilimkuta mwingine aliyejifunza kuchomelea, anakaa katika kitongoji ambako nguzo za umeme hazijafika. Amefaulu vizuri ufundi ambao kwao hauwezi kuwaka. Nilimkuta msichana aliyeacha masomo kabla ya mtihani kwa kukosa ada. Shuleni ameandikwa "mtoro". Nyumbani ana cherehani ya shangazi yake, anashona sare za watoto wa shule, na mwenye deni la ada hulilipa kidogo kidogo. Nilimkuta pia mwashi aliyeshindwa mtihani wa kuandika, lakini nyumba tatu za kigango chake amezijenga yeye, na timazi haikumsuta.

Wasomaji wapenzi, hao wanne katika hesabu ya zamani wangekuwa wawili wa sifa na wawili wa aibu. Tena sifa ingewaangukia wale wasiofanya kazi ya ufundi, na aibu wale wanaoifanya. Sisemi mtihani ni bure. Fundi asiyejua kusoma kipimo ni hatari, na cheti humfungulia kijana mlango mjini ambako hakuna anayemjua. Mtihani na uwepo, lakini usiwe futi pekee.

Niliporudi tulikaa tena, tukaandika malengo mapya, nayo ni haya. Hesabu ianze na daftari la siku ya kuingia, si la siku ya mtihani. Kila anayetoka njiani iandikwe sababu yake, na mjumbe wa kigango chake aende kumwona. Baada ya miezi sita, na tena baada ya mwaka, kila kijana atembelewe aulizwe: unafanya kazi gani, na inakulisha? Wasichana, yatima na walemavu waandikwe kando ili tuone kama wanasonga pamoja na wenzao. Vijana wa mwaka wa mwisho watengeneze madawati na madirisha ya kuuza, na fedha hiyo iwanunulie vifaa vya kuanzia. Na kabla ya kuongeza nafasi katika fundisho lolote, tuulize kwanza kama vijijini kuna kazi yake.

Juu ya kiasi, hatukuandika tarakimu kubwa ya kutisha. Tulikubali mwaka wa kwanza uwe wa kuhesabu tu, ili tujue tumesimama wapi. Kisha kila mwaka tupande kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Ngazi hupandwa kidato kwa kidato. Anayeruka vidato vitano huvunjika mguu, au husema amefika naye yuko chini. Tena tulimwahidi Mwalimu Mkuu kwamba lengo lisipofikiwa hatutalifanya fimbo ya kumpigia. Kwanza tutauliza kwa nini. Mwalimu anayeogopa fimbo atatafuta tarakimu, bali mwalimu anayesaidiwa atatafuta watoto.

Kazi hii ina taabu yake. Vijana wengine wamehamia Makambako na Dar es Salaam, simu zao hazipatikani. Daftari lina mahali patupu, nasi tumeamua kupaacha patupu, wala tusipajaze kwa kubahatisha.

Basi, baba na mama, kabla hujauza mbuzi ili umpeleke mtoto shule ya ufundi, iwe ya misioni, ya serikali au ya mtu binafsi, nenda ukaulize maswali matatu. Mwaka ule walioingia walikuwa wangapi, na waliomaliza ni wangapi? Waliomaliza wako wapi leo, na nani amekwenda kuwaona? Mtoto wangu atatoka hapa na vifaa gani mkononi? Uliza kwa adabu, bila ugomvi. Shule njema haitachukizwa, itafungua daftari. Na kama daftari halipo, jitoleeni ninyi wazazi kulianzisha, maana watoto ni wenu kabla hawajawa wanafunzi wa mtu.

Mt. Yosefu Mfanyakazi, utuombee.