Juni ya York, Juni ya Lushoto

Lushoto, Tanzania, Juni ikifika, masika yameshapita na kipupwe kimeingia. Wakulima wanashuka mabondeni kwenye maji, kwa sababu kule juu udongo umeanza kukauka. York, kaskazini mwa Uingereza, Juni hiyohiyo ndiyo mwanzo wa majira ya joto, na hapo watu wanafukuzana na jua. Linachomoza saa kumi na nusu alfajiri na kuzama saa tatu na nusu usiku ikiwa imepita. Ni saa 17 za mwanga, na bustani nzima inaishi kwa kuzihesabu.

Bustani nilizozizungukia zaidi huko York ni viwanja vya kukodi. Sheria ya mwaka 1908 inazitaka halmashauri kuwapatia wananchi ardhi ya kulima mboga. Kiwanja kamili ni kama mita za mraba 250, yaani kumi na sita huingia katika eka moja. Ni padogo, lakini sijaona kona iliyoachwa bure.

Miche ya nyanya na maboga iliyolelewa kwenye vibanda vya vioo hutolewa nje mchana na kurudishwa ndani usiku, kwa wiki nzima au zaidi, mpaka izoee upepo. Kabla ya mwisho wa Mei wengi hawathubutu kuihamishia shambani, maana umande ukiganda usiku mmoja tu, kazi yote imekwisha. Watu wa Makete, kwenye nyanda zetu za juu, wanaijua hofu hiyo vizuri, ila kwao inakuja Juni na Julai, wakati wenzao wa York wameshapumua.

Kwenye nyanya nilijiona nyumbani. Machipukizi ya kwapani hubanwa kwa kidole gumba na cha shahada yakiwa bado mafupi, nayo hukatika kwa urahisi, na vidole vinabaki na ule ukijani mzito wenye harufu kali. Viazi navyo hupandishiwa udongo vilevile, ili visipigwe na jua vikawa kijani. Hata adui ni mmoja: bakajani chelewa, ugonjwa uleule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Lushoto unatamba wakati wa masika. York wanauogopa kuanzia katikati ya majira ya joto, hewa inapokuwa na unyevu na joto pamoja.

Kitunguu ndicho kilichonifikirisha. Juni York, vitunguu bado ni majani matupu, na kazi ni palizi ya mkono, kwa uangalifu, kwa kuwa mizizi yake iko juujuu. Vitunguu vya mbegu za kule havianzi kuvimba mpaka siku ifike saa 14 na zaidi za mwanga. Vitunguu vyekundu vya Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, huvimba kwa saa zetu 12. Peleka mbegu ya York Mang'ola, utavuna majani. Peleka ya Mang'ola York, kitunguu kitakimbilia kuvimba kingali kichanga, kiishie udogo wa gololi. Kwa hiyo duka la mbegu linapouza kitunguu cha Ulaya kwa mkulima wetu bila kumweleza jambo hili, linamwonea.

Asparaga inafuata hesabu hiyohiyo ya jua. Kuanzia Aprili hukatwa karibu kila siku, lakini inapokaribia tarehe 21 Juni kisu kinawekwa kando. Vichipukizi vinavyobaki huachwa virefuke vitoe majani laini, vikusanye mwanga na kulisha mizizi kwa ajili ya mwaka ujao. Nilipenda nidhamu hiyo ya kuacha mboga ingali tamu.

Kwenye maji sikuwapa alama nyingi. Kila mwenye kiwanja ana pipa lake la kukinga mvua. Likikauka, wote wanakutana jioni kwenye bomba moja, kila mmoja na ndoo. Upare wana ndiva: bwawa dogo la pamoja linalojaa usiku kutoka kijitoni, asubuhi hufunguliwa, na maji hupita mfereji kwa mfereji kwa zamu zinazosimamiwa na wakulima wenyewe. Majira ya joto ya Uingereza yanatabiriwa kuzidi kuwa makavu, na wapangaji wa viwanja vile wangefanya vizuri kwenda Same, hukohuko Upare, kuona zamu hizo zinavyopangwa.