Asembo Bay, ambako filamu mpya huchelewa kufika

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Asembo Bay huabiri matatu inayofuata barabara ya Busia hadi Kisian, kisha gari likakata kushoto na kushika njia ya Bondo. Hapo ndipo Seme inapoanza, nchi ya mawe makubwa yaliyobebana, na maarufu kuliko yote ni Kit Mikayi, jina ambalo kwa Kiluo maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Kabla ya kufika Bondo unaiacha njia hiyo na kuelekea ziwani, ndani ya Rarieda, na muda si mrefu harufu ya omena walioanikwa juani itakuarifu kwamba umekaribia.

Asembo Bay ni ufuo wa wavuvi kwenye Ghuba ya Winam, katika kaunti ya Siaya. Ukisimama ukingoni ukatazama ng'ambo unauona Mlima Homa. Zamani meli za abiria za shirika la reli zilikuwa zikitia nanga hapa zikitoka Kisumu, nao watu walijaa gatini kupokea wageni na magunia. Meli hizo hazipo tena. Anayetaka kuvuka hadi Mbita leo huenda kupanda feri ya Luanda Kotieno, upande wa magharibi. Zilizobaki Asembo ni mashua, nyavu, na akina mama wenye mabeseni wakingojea.

Lakini msomaji mpendwa, leo sikukusudia kukuletea habari za samaki. Nataka tuzungumze kuhusu jambo linalozisumbua familia nyingi kila Jumamosi jioni, nalo ni hili: katika filamu hizi mpya zinazotoka kila wiki, ni ipi inayostahili pesa zako? Huenda ukashangaa kwa nini swali hilo nilipeleke ufuoni badala ya kuliuliza Nairobi, palipo na kumbi za kila aina na intaneti ya kasi. Sababu ni kwamba watu wa Asembo huchagua filamu kama wanavyochagua samaki. Humfungua kwanza mashavu wakaona rangi yake.

Kuna jambo moja ambalo mgeni hulijua baada ya siku chache tu. Huku ratiba ya filamu hupangwa na mwezi. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwani mwanga wa taa ndio unaowavuta juu ya maji. Zamani zilikuwa taa za karabai, na siku hizi nyingi ni za betri au za nguvu za jua. Mbalamwezi inapowaka ziwa zima, taa hupoteza nguvu yake na wavuvi wa omena hukaa nchi kavu siku kadhaa. Hizo ndizo siku ambazo mabanda ya video hufurika. Vijana wana pesa kidogo za wiki zilizopita, hawana kazi ya usiku, na mwenye banda naye anajua.

Mabanda yenyewe hayana anasa. Kuta ni za mabati, viti ni mabenchi, dirisha limefunikwa kwa gunia ili mwanga usiharibu picha. Mchana wa Jumamosi ni kandanda ya Uingereza, usiku ni filamu. Kabla ya hayo kulikuwa na magari ya sinema ya bure yaliyozunguka masokoni yakitangaza sabuni na dawa za meno, watu wakiketi chini mbele ya kitambaa cheupe. Miaka ya 1980 zikaja kanda za video na jenereta. Kisha zikaja diski, na sasa mteja huleta flashi akawekewa filamu alizotaka, au akakodisha diski kwa siku moja. Kila kizazi kilidhani chake ndicho cha mwisho.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo wazazi wa mjini huwa hawapendi kulisikia. Usipomchagulia mtoto wako filamu, mwenye banda atamchagulia. Nimewasikia wakazi wa fuo hizi wakilalamika kuhusu wanafunzi wanaokesha humo wakati wa mbalamwezi, na kuhusu picha chafu zinazowekwa watu wazima wakishakuwa wengi na saa zikisonga. Mzazi aliyeleta filamu nzuri nyumbani, yenye urefu wa kiasi na inayoweza kusimulika kesho yake, amemwondolea mtoto sababu moja ya kutoka nje. Mzazi aliyekodisha takataka, au aliyekodisha kitu kinachomfaa yeye peke yake, amempa mtoto nauli ya kwenda bandani.

Nilikaa saa nzima kwenye duka moja la filamu karibu na soko nikiwatazama wateja. Akaja mama mmoja muuza samaki, mikono bado ina magamba. Kijana wa duka akamchangamkia.

"Mama, hii ni mpya kabisa, imeingia jana."

"Upya wake mimi nitaufanyia nini, mwanangu? Niwekee mwanzo wake nione."

Kijana akaiweka. Picha ilikuwa ya giza, imelala upande, na mara kichwa cha mtu kikapita mbele ya skrini kikielekea mlangoni. Mtu alikuwa amejificha na kamera katika ukumbi fulani wa sinema ng'ambo, akainasa filamu ikionyeshwa. Hata vicheko vya watazamaji vilisikika. Mama akasema, "Huyo anakwenda chooni na mimi nimlipie?" Duka zima likaangua kicheko. Akaondoka na filamu ya zamani.

Ndiyo faida ya kuishi mbali. Filamu ikitoka, wa Nairobi huikimbilia siku hiyo hiyo, wakapata nakala kama ile. Asembo husubiri. Mwezi mmoja baadaye nakala safi imepatikana, na muhimu zaidi, habari zimekwishafika: binamu aliyeko Kisumu ameiona, mwalimu ameiona, na kama ilikuwa ovyo kila mtu anajua. Mjini pia unaweza kusubiri. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu aone filamu wiki iliyotoka.

Mama yule alinifunza kuomba dakika kumi za mwanzo. Muuza duka anayekataa ana sababu. Nilijifunza pia kutoyaamini makasha. Wachoraji wa makasha ya nakala za mitaani ni watu wa ajabu: hubandika bunduki, helikopta na uso wa mwigizaji ambaye hamo ndani kabisa. Zile diski zilizojazwa filamu ishirini za mwigizaji mmoja ziepuke, kwani picha husagwa ili zote zienee. Na ukichukua filamu ya Kinaijeria, uliza ina sehemu ngapi kabla ya kulipa. Tangu *Living in Bondage* ya mwaka 1992, iliyotolewa kwa kanda na kuuzwa moja kwa moja kwa watu wa nyumbani, watengenezaji wa Lagos wanajua kukata hadithi pale ambapo mke ameshika kisu, ili kesho urudi dukani kwa sehemu ya pili. Binafsi siwalaumu, lakini mfuko wako ndio utakaolipa.

Tukija kwenye filamu zenyewe, kaunti hii ina haki ya kujivuna kidogo. Joseph Olita, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa mwenyeji wa Siaya. Ndiye aliyeigiza Idi Amin katika *Rise and Fall of Idi Amin* ya mwaka 1981, iliyoongozwa na Sharad Patel, na alifanana na dikteta huyo kiasi cha kutisha. Miaka kumi baadaye akawa Amin tena katika *Mississippi Masala* ya Mira Nair. Wazee wa huku bado huitaja ile ya kwanza, na kijana akiona jina lake orodhani huichukua kwa sababu ni ya "mtu wetu". Olita ni wa kutazamwa kweli. Tena ndani yake yumo Denis Hills, yule Mwingereza aliyehukumiwa kifo na Amin mwaka 1975 kwa maandishi yake kisha akaachiliwa, akijiigiza mwenyewe. Lakini filamu hiyo inapenda damu mno. Kila dakika chache kuna maiti, kana kwamba mtengenezaji alihofu mtazamaji atasinzia. Wazima wakaione. Watoto wasiwe chumbani.

Kuna wanaosema badala yake chukua *The Last King of Scotland* ya mwaka 2006, ambayo ilimpa Forest Whitaker tuzo ya Oscar mwaka 2007. Imetengenezwa kwa ustadi zaidi, hilo sipingi. Walakini daktari kijana wa Kiskoti anayetuongoza humo ni mtu wa kubuniwa, na Waganda walioteseka wanabaki pembeni wakipita kama vivuli. Kama lengo lako ni kumfundisha mwanafunzi wa sekondari yaliyotokea kati ya 1971 na 1979, usimwache na filamu hiyo peke yake. Mwekee na mtu mzima aliyekuwa na masikio wakati huo. Pwani ya ziwa hili haikosi watu kama hao.

Kwa jamii yenye watoto, ningeanza na *Queen of Katwe* ya mwaka 2016, ya Mira Nair huyo huyo. Inasimulia habari za kweli za Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe jijini Kampala aliyeuza mahindi kisha akawa bingwa wa sataranji. Mama yake anaigizwa na Lupita Nyong'o, ambaye kwao upande wa baba ni huko huko Seme tulikopita na matatu, na ambaye alikuwa ameshinda Oscar mwaka 2014 kwa *12 Years a Slave*. Hiyo ya pili ni filamu kubwa lakini nzito, ya mijeledi na machozi, isiyomfaa mtoto. Katika *Queen of Katwe* Lupita hana mavazi ya kifahari. Ni mama mjane anayehesabu shilingi na kugombana na mwenye nyumba. Mama muuza samaki atamtambua mara moja.

Taabu ni lugha. Filamu ni ya Kiingereza, na bibi aliyeketi nyuma haelewi. Tatizo hili Afrika Mashariki imelitatua kwa njia yake. Kampala wako mavijee wanaofasiri papo hapo kwa Kiganda. Dar es Salaam alitangulia Lufufu, aliyeingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni. Kwetu yuko DJ Afro, ambaye akishika filamu ya kivita humpa kila mhusika jina la mtaani na kumtoa akta Hong Kong akamleta Nairobi. Bandani watu huuliza kwanza, "Imetafsiriwa?" Mimi humfurahia DJ Afro kwenye filamu za mateke, ambazo mazungumzo yake hayana uzito. Kwenye filamu yenye maneno ya maana, afadhali mtoto wa nyumbani afasiri. Nilikoketi, msichana wa darasa la saba alimfasiria nyanyake kwa Kiluo kutoka mwanzo hadi mwisho, na nyanya ndiye aliyelia wa kwanza.

Tusisahau alama za umri. Bodi ya kuainisha filamu nchini, KFCB, huziweka filamu katika mafungu: GE ni ya wote, PG mzazi aelekeze, kisha 16 na 18. Nakala za mitaani kwa kawaida hazina alama hiyo, na wengi wa wauzaji hawaijui. Mzazi aliye na simu anaweza kulitafuta jina la filamu akiwa bado dukani. Na ikiwa filamu ni ya Kikenya, jitahidi uione kwa njia halali, kwa kuwa aliyeitengeneza hapati hata senti kutokana na flashi.

Uzee si ila. *Sarafina!* ya mwaka 1992, kuhusu wanafunzi wa Soweto, ingali inaombwa dukani, ingawa ina mateso na mauaji ambayo mzazi anapaswa kuyazungumza na watoto wake. Ile filamu ya mateke ya mwaka huu yenye jina refu hakuna atakayeikumbuka Krismasi.

Ningechagua moja tu kwa Jumamosi hii, ingekuwa *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, iliyotoka mwaka 2018. Jo ni msichana wa miaka tisa, mgonjwa ambaye hatapona, apendaye filamu za mashujaa na za Jackie Chan. Dada yake hakubali akae kitandani akingoja kifo, na kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu ambayo yeye ndiye shujaa. Ndani yake limo banda la video, na msimulizi wake, sawa kabisa na yale ya ufuoni. Wengine watakuambia usiwaonyeshe watoto kwa sababu inahuzunisha. Siafiki. Watoto wa huku wamezoea matanga, na wa mjini pia wanayajua kuliko tunavyodhani. Wanachokosa ni mahali pa kuuliza maswali, na maswali yatakuja. Haichukui hata saa moja na nusu, kwa hiyo ukiianza baada ya chakula cha jioni itakwisha wangali macho. Sehemu kubwa ni Kiswahili, kwa hiyo hata nyanya hatahitaji mkalimani. Andaa leso.